Ua la Fundi na Ua la Ufukweni

SWALI: Shikamoo shangazi. Nyumba yetu ipo Raskazone, Tanga, na kiwanja kina mteremko. Kila masika maji huchukua udongo mpaka msingi unaanza kuonekana. Fundi wetu ameniletea matawi ya mmea unaotambaa, una maua ya manjano kama alizeti ndogo. Mwanangu naye kaleta tawi kutoka ufukweni, maua yanafanana kabisa. Je, ni mmea mmoja? Na nipandeje?
Mama wa Raskazone

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kubana matawi yote mawili ndani ya daftari kabla ya kuyatuma, maana kwa picha ya ua peke yake ningeweza kukosea. Maua hayo ni ndugu, yote ya jamii ya alizeti. Kile tunachokiita ua moja ni vijiua vingi vilivyokaa pamoja: vya katikati vidogo kama punje, vya pembeni vina ulimi wa manjano. Tofauti itafute kwenye jani.

Jani la fundi linang'aa, halina kikonyo cha kuonekana, na limetoa pembe mbili ubavuni, moja kila upande. Ua lake husimama peke yake juu ya kikonyo kirefu. Kwenye vitalu vya miche utausikia ukiitwa wedelia. Jina la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata, na hilo trilobata linataja ndewe tatu za jani, yaani zile pembe mbili na ncha ya katikati. Usishangae kukuta majani machache yasiyo na ndewe. Tazama shina zima.

Jani la mwanao lina kikonyo, lina meno kingoni, halina ndewe, na ukilipapasa linakwaruza. Maua hutoka mawili au matatu pamoja. Huo ni Wollastonia biflora, ambao vitabu vingine huuita Melanthera biflora. Ni wa asili ya pwani yetu hii, na ukipata kichaka cha kuegemea hupanda hata kumpita mtu kimo.

Kupanda wedelia hakuhitaji mbegu. Kata vipande vyenye pingili tatu au nne, fukia pingili mbili, majani yabaki juu. Panda mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, kwa mistari inayokata mteremko, shimo na shimo wastani wa sentimita 40. Mwagilia mpaka uone majani mapya. Upepo wa chumvi unauvumilia. Jua likiwa kali ndiyo maua yanazidi. Samadi usiweke, utapata majani tu.

Lakini sikiliza, mwanangu. Nilipokuwa naishi Mikanjuni niliupanda huo huo ukutani. Ulipozidi niliufyeka, matawi nikayatupa mtaroni nyuma ya nyumba. Masika yalipokwisha mtaro wote ulikuwa kijani, na matembele ya jirani yangu, bibi mtu mzima anayeuza mboga, yalikuwa yamefunikwa hayaonekani. Nilikwenda kung'oa pamoja naye siku nne. Kila pingili inayogusa udongo hutoa mizizi, na kila kipande tulichokisahau kilichipua upya. Lile tuta lake bado linaniuma moyoni. Mmea huu asili yake ni Amerika ya kitropiki, na shirika la hifadhi la IUCN limeuweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Kwa hiyo wa fundi uweke pale tu penye saruji pande zote, kama kati ya ukuta na njia ya kuingilia. Ukipunguza, anika matawi juu ya bati mpaka yakauke yavunjike mkononi, ndipo uyatupe. Upande wa chini unaotazama bahari usiupande kabisa, maana maji ya masika yatavibeba vipande mpaka kwenye mikoko.

Huko chini mimi ningepanda wa mwanao. Hautandazi zulia nadhifu kama ule, na itabidi uupogoe usigeuke kichaka, ila hapo ni kwao. Nao huota kwa vipande vya shina. Mwambie akupeleke alipouchuma, mkate matawi machache tu, shina lenyewe mliache liendelee kushika mchanga.