Nyama ya Jumla: Kilo Ipi Unayolipia?

Tangu nilipogusia hapa habari ya kununua nyama ya ng'ombe kwa jumla, moja kwa moja kwa mfugaji au kwa mwenye bucha, barua hazijakoma. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha mbele ya gogo la kukatia nyama, kwa hiyo majibu haya ni ya mkataji. Naanza na barua ya uzito, kwa sababu jambo hilo ndilo linaloumiza wanunuzi wengi kuliko yote.

Nilinunua nusu ya ng'ombe kwa mfugaji. Risiti imeandikwa kilo 110, nami nimelipia kilo 110. Nyumbani nimepima vifurushi vyote, steki, vipande na nyama ya kusaga, vyote havina mfupa, nikapata kilo 74. Mume wangu anasema tumeibiwa. Kilo 36 zimekwenda wapi? (Mama wa watoto wanne)

Pole, dada. Kwa hesabu ulizonitumia, sioni wizi wa nyama hapo. Ninachokiona ni muuzaji aliyewauzia bila kuwaeleza, na kosa hilo ni lake.

Ng'ombe mmoja hupimwa mara tatu. Kwanza akiwa hai, amesimama mizanini na tumbo lake limejaa majani na maji. Pili akiwa ameshachinjwa na kuchunwa, kichwa, kwato, ngozi na matumbo vimetolewa, pande zake mbili zinaning'inia kwenye ndoano. Tatu ni nyama iliyokwisha kukatwa na kufungwa, ile unayoibeba kwenda nayo nyumbani. Vipimo vyote vitatu husemwa kwa kilo, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Ng'ombe wa nyama aliyenona hutoa kama asilimia 60 ya uzito wake wa uhai pale anaponing'inizwa. Ng'ombe wa maziwa, au aliyekonda, hutoa kama asilimia 50, na wengine hawafiki hapo. Tuseme wako alikuwa na kilo 420 akiwa hai. Baada ya kuchunwa atabaki na kama kilo 220, na nusu yake ndiyo hizo 110 zilizoandikwa kwenye risiti. Mmelipia uzito wa kuning'inia.

Kuanzia hapo uzito unaendelea kushuka. Nyama ikikaa kwenye chumba cha baridi usiku mmoja hupoteza maji, asilimia moja, mbili, mara nyingine tatu. Mifupa huondoka na asilimia 15 hadi 20. Kisha kuna mafuta ya juu, mishipa, na ile ngozi nyembamba iliyokauka ambayo mkataji huiparua. Nusu iliyotolewa mifupa yote ikibaki na asilimia 60 hadi 70, hiyo ni kawaida. Yenu imebaki na asilimia 67. Aliyeikata ni fundi.

Ila nina swali langu. Mifupa iko wapi? Upande wa kilo 110 una mifupa inayokaribia kilo 20, nanyi mliilipia kwa bei ileile ya nyama. Mifupa ya muundi yenye uboho, mbavu, mafuta ya kuyeyusha, vyote vilikuwa vyenu. Mkataji asipoambiwa hudhani mteja haihitaji, inaishia kwenye pipa au kwa mteja mwingine. Mambo ni hayohayo kwa mkia, ulimi, maini, moyo na figo. Wapo wafugaji wanaoviuza pamoja na ng'ombe, na wapo wanaovibakiza. Hakuna sheria moja ya dunia nzima, kuna makubaliano tu, na makubaliano hufanywa kabla pesa haijatoka mfukoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Safari ijayo uliza: bei hii ni ya kilo ipi? Anayechinja na anayekata wanalipwa na nani? Kisha usimame karibu na mizani. Tazama mshale au namba iko kwenye sifuri kabla nyama haijapandishwa, na kama inapimwa na ndoano au beseni, hakikisha uzito wa chombo umetolewa. Mimi nilipenda mteja aliyesimama hapo. Tulimaliza kazi bila maneno.

Ukifika nyumbani, jumlisha pesa zote zilizokutoka, za ng'ombe, za kuchinja, za kukata na za usafiri, ugawanye kwa kilo zilizoingia kwenye friza. Hiyo ndiyo bei yako. Usiilinganishe na bei ya steki peke yake dukani, maana sehemu kubwa ya ng'ombe si steki. Ilinganishe na bei ya nyama mchanganyiko.

Tumeungana familia nne kununua ng'ombe, kila mmoja achukue robo. Wawili wamepewa robo za mbele, wawili za nyuma, na sasa hatusalimiani vizuri. Ipi ni haki? (Jirani mwenye robo ya mbele)

Ndugu yangu, robo ya mbele na ya nyuma si kitu kimoja, na mwenye ya mbele ana sababu ya kununa. Yako ina shingo, bega, kidari na mbavu nyingi. Ni nyama tamu sana, ila ina mfupa na nyuzi, inataka moto mdogo na muda mrefu. Ya nyuma ina paja na sehemu ya kiuno, na sarara, ile steki laini kuliko zote, imejificha humo chini ya uti wa mgongo. Ng'ombe mzima ana vipande viwili tu vya sarara, kimoja kila upande. Kwa uzito robo ya mbele huwa nzito kidogo, hivyo mkilipa kwa kilo kwa bei moja, mwenye ya mbele hulipa zaidi na kupata steki kidogo.

Msigawane kwa robo. Ng'ombe akatwe wote, kisha kila aina iwekwe peke yake mezani: sarara, mgongo, paja, kidari, mbavu, muundi, ya kusaga, mifupa. Kila fungu lipimwe na kugawanywa mara nne. Sarara ndizo mbili, basi kila moja inakatwa katikati, na kwa kuwa upande mmoja ni mnene na mwingine umechongoka, pimeni, msikate kwa macho. Mkataji atalalamika kwamba kazi ni kubwa. Mlipeni kwa kazi hiyo, ni nafuu kuliko ujirani.

Ng'ombe alikuwa kijana, nimemwona mwenyewe. Alichinjwa asubuhi, mchana nyama ilikuwa kwenye friza yangu. Mbona ni ngumu kama mpira? (Kijana anayeanza maisha)

Umeiwahi mno. Ng'ombe akishachinjwa, misuli yake huanza kukakamaa ndani ya saa chache, na kwa kawaida huchukua siku nzima au hivyo ndipo ukakamavu ufike mwisho. Ukiigandisha kabla haijafika hapo, misuli hujikunja kwa nguvu, ama pale pale kwenye baridi au siku utakayoiyeyusha, na maji mengi hutoka. Umri mdogo wa ng'ombe haukusaidii kitu.

Nyama nzuri huning'inizwa kwenye chumba cha baridi, kati ya nyuzi 0 na 4 za Selsiasi, siku 7 hadi 14. Vimeng'enya vilivyomo kwenye nyama yenyewe huendelea kukatakata nyuzi polepole, na nyama hulainika. Mfugaji asiye na chumba cha baridi hawezi kufanya hivi, na usijaribu kuiga kwa kuitundika jikoni, itaoza. Mwombe aipeleke kwa mwenye bucha aliye nacho, hata kwa siku 2 au 3 tu.

Uliza pia ng'ombe alifikaje machinjioni. Akifukuzwa, akipigwa, au akisafirishwa mbali na kuchinjwa bila kupumzika, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli yake huisha. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka asidi baada ya kuchinjwa na kuisaidia nyama isiharibike haraka. Isipokuwepo, nyama huwa nyeusi, kavu, inanata mkononi, na huwahi kuharibika. Nimezikata nyama za namna hiyo, unazijua kisu kinapoingia tu.

Hiyo uliyonayo usiitupe. Ipike taratibu, ndani ya maji, kwa saa nyingi.

Nina friza ya lita 200. Naweza kununua robo nzima? (Mwalimu)

Mwalimu, kukaa itakaa. Kila lita 100 za friza hubeba kama kilo 50 hadi 60 za nyama iliyofungwa vizuri, na robo iliyotolewa mifupa haitazidi hapo. Tatizo liko kwenye kuigandisha. Friza ya nyumbani imetengenezwa kutunza kilichokwisha kuganda. Ukiipa nyama mbichi yote kwa mkupuo, vifurushi vya pembeni vitaganda na vya katikati vitabaki na uvuguvugu hadi kesho yake, na huko katikati ndiko nyama inakochacha. Kadiria kilo 4 au 5 kwa siku kwa kila lita 100. Kwa friza yako ni kilo 8 hadi 10 kwa siku, na una kama kilo 40. Hizo ni siku 4 au 5.

Kwa hiyo, mwenye bucha mwenye friza kubwa akuigandishie, uichukue ikiwa jiwe. Akikataa, anza na nyama ya kusaga, maini na figo siku ileile, kwa sababu hizo hazina subira, kwenye friji zinaharibika ndani ya siku 1 au 2. Vipande vikubwa visubiri kwenye friji, chini ya nyuzi 4, navyo vivumilie siku 3 hadi 5.

Kwenye kufunga usifanye haraka. Nyama ya kusaga itie mfukoni, ibandike kwa kiganja mpaka iwe bapa, nene kama vidole viwili, huku ukisukuma hewa kuelekea mdomo wa mfuko, kisha ufunge. Ikiwa bapa huganda upesi, huyeyuka upesi, na hupangika kama vitabu. Kila mfuko uwe wa mlo mmoja wa nyumba yako. Andika kipande gani na tarehe, kwa kalamu isiyofutika, kabla hujatia nyama, maana mfuko uliolowa hauandikiki. Hewa ikibaki ndani, utakuta mabaka ya kijivu yaliyokauka. Hayadhuru, ila hayana ladha, yakate.

Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama ya kusaga na maini viliwe ndani ya miezi 3 au 4, steki na vipande vikubwa hustahimili hadi mwaka. Ya kuyeyusha iweke kwenye friji tangu jana yake, usiiache mezani.

Vifurushi nilivyoletewa vimebanwa bila hewa, na nyama ni ya zambarau iliyoiva. Imeharibika? (Msomaji mpya)

Hapana. Nyama ya ng'ombe isiyoguswa na hewa ndiyo rangi yake. Ifungue, isubiri kama nusu saa, itakuwa nyekundu. Pua yako na vidole vyako ndivyo vya kuaminiwa: harufu ya uchachu isiyoondoka, au utelezi, hiyo irudishe.

Mfugaji ananiambia ana ng'ombe wa bei ya chini sana, amekufa usiku "ghafla tu, alikuwa mzima". Anasema nyama bado ni safi. Nichukue? (Mwenye mgahawa)

Usichukue. Usiiguse, na umsihi mfugaji naye asimchune.

Ng'ombe aliyekuwa mzima jioni na asubuhi amekufa anaweza kuwa na kimeta. Mara nyingi mwili hufura haraka, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani au nyuma. Kumpasua ndiko kunakosambaza vijidudu, hujigeuza mbegu ngumu zinazodumu ardhini miaka mingi, na mchunaji huambukizwa kupitia mchubuko mdogo wa mkono. Aitwe daktari wa mifugo, leo. Na hata kama si kimeta, nyamafu ni nyamafu: damu imebakia ndani, hujui kilichomuua, na wewe unalisha watu.

Ng'ombe aliyevunjika mguu na kuchinjwa akiwa hai ni habari nyingine, mradi mkaguzi wa nyama amemwona. Mkaguzi humtazama kabla ya kuchinjwa, kisha hupasua misuli ya taya na moyo kutafuta tegu, hukagua maini, mapafu na tezi kwa ajili ya kifua kikuu na mengine. Ukifika ukakuta kichwa na maini vimeshachukuliwa kabla mkaguzi hajafika, basi ukaguzi huo una pengo, hata muhuri ukigongwa.

Uliza pia dawa. Ng'ombe aliyedungwa antibiotiki au kunyweshwa dawa ya minyoo ana siku za kusubiri kabla ya kuchinjwa, zimeandikwa kwenye chupa ya dawa. Mfugaji makini atakuonyesha daftari lake la matibabu. Kupika hakuondoi mabaki yote.

Umeme ukikatika nyama yote si itaharibika? (Wengi mmeuliza)

Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, huhifadhi baridi yake kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Umeme ukirudi, bonyeza kila kifurushi. Chenye barafu ndani bado, au chenye baridi ya friji, waweza kukigandisha tena, kitapoteza ubora kidogo tu. Kilicholainika na kukaa kwenye uvuguvugu zaidi ya saa 2, kitupe.