Viatu Kwanza, Kafi Baadaye

Wengi wanaofika Sagana, Kenya, mara ya kwanza hushuka garini wakiulizia kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kupigia kafi kwenye maporomoko. Mimi mwalimu wao huwatazama miguuni. Ukija na malapa, tutakutafutia viatu vya kufunga, kwa sababu asubuhi ya kwanza hatuingii majini. Tunatembea ukingoni mwa mto Tana, kuanzia pale tutakapoingilia mpaka pale tutakapotokea. Wapo wanaonuna: wametoka Nairobi, kama kilomita 100 hivi, na hawakuja kuzungushwa mashambani mwa watu. Sibishani nao. Mwaka wangu wa kwanza nilinuna vilevile, na siku moja nikajifanya nimeshaujua mto.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hakikunyesha hata kitone. Mbingu nyeupe, nyota tele. Kumbe mvua ilikuwa imepiga huko juu, Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ambako Tana huanzia, na maji yake yalitufikia tukiwa usingizini. Kulikuwa na jiwe moja kubwa ambalo nilizoea kujibanza nyuma yake kupumzika. Nililitafuta kwa macho sikuliona. Lilikuwa limezama, na nyuma yake maji yalikuwa yakijikunja kurudi juu ya mto, yakitoa povu. Yalinipindua nikachomoka kwenye kayaki. Hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nilijaribu kusimama. Mguu wa kushoto ukaingia kati ya mawe mawili, mkondo ukanisukuma mgongoni, uso ukazama. Kilichoniokoa ni kiatu, ambacho nilikifunga kivivu. Mguu ulichomoka, kiatu kikabaki. Usinielewe vibaya, funga viatu vyako. Ila usisimame katika maji ya kasi yaliyopita magoti. Lala chali, inua miguu vidole vionekane juu ya maji, vielekee unakopelekwa, upige mikono kwenda ukingoni. Simama ukifika penye utulivu.

Watu hudhani ni suala la kuwa na nguvu. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na mkondo ukienda kasi maradufu, msukumo wake huwa mara 4. Hakuna kifua cha kushindana na hiyo hesabu.

Sasa, ukiwa ukingoni unatazama nini? Tazama umbo la maji. Ukiona herufi V ya maji laini yenye ncha inayoelekea chini ya mto, hapo ndipo mlango. Maji yanapita kati ya vizuizi viwili. Ncha ikielekea juu, kuna jiwe linalokungoja. Ukiona nundu laini halafu povu linalosimama mahali pamoja, hilo ni shimo kama lile langu. Kisha tafuta maji ya nyuma ya mawe, yanayozunguka taratibu kurudi juu. Hizo ndizo stesheni zako za kupumzikia. Usianze kuteremka kabla hujaamua utasimama stesheni ipi, na ukiikosa, ya pili ni ipi. Mti ulioanguka majini uuogope kuliko jiwe: maji hupenya kwenye matawi, mtu hapenyi. Hushika kama chujio.

Halafu salimia watu. Njia ya ukingoni hupita kwenye mahindi na nduma za wenyewe, kwa hiyo piga hodi, usikanyage. Na anayechota maji hapo kila siku anaujua mto kuliko mwalimu wako. Muulize: mama, maji yamepanda tangu jana? Mzee, hapa mnaogopa nini? Tana ina mamba na viboko, na wenyeji ndio wanaojua ni sehemu gani ya kuepuka mwezi huu. Mimi nimewahi kufuta safari nzima kwa neno moja la mama aliyekuwa akifua.

Ngazi za maporomoko huhesabiwa kuanzia 1 hadi 6. Mgeni na abaki kwenye 1 na 2 mpaka aweze kupinduka na kurudi juu bila kutoka kwenye kayaki. Zoezi hilo lifanyie kwenye maji yaliyotulia, si mtoni. Siri yake iko kiunoni, si mikononi, na kichwa ndicho kitoke majini mwisho. Kila mgeni hukimbilia kuinua kichwa kwanza, maana anataka hewa, na kila mara kichwa humrudisha chini. Ukisukumwa kwenye jiwe, liegemee. Ukilikwepa kwa kuinamia upande wa mkondo, maji yatapanda juu ya kayaki na kukulaza. Helmeti na jaketi la kuokolea maisha sina la kusema, unavaa au unabaki.

Baada ya Tana nilipata kwenda Jinja, Uganda, kwenye Naili. Kule ni dunia nyingine: maji ya uvuguvugu, mengi mno, mawimbi makubwa lakini mawe machache ya kugonga. Nilidhani nitaanza upya, lakini kazi ya kwanza ilikuwa ileile, kutembea. Waongozaji wa Jinja waliwahi kuyajua maporomoko ya Bujagali kama vyumba vya nyumba zao. Bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012 likayafunika. Mwaka 2019 likaja la Isimba, likameza mengine yaliyokuwa chini zaidi mtoni. Na kina cha maji chini ya bwawa hutegemea yanayofunguliwa siku hiyo, kwa hiyo ulichokiona jana ukingoni si cha leo. Kule pia kuna kichocho, hasa kwenye maji yaliyotuama penye majani na konokono. Ukirudi nyumbani, baada ya wiki kadhaa nenda ukapimwe.

Kukiwa na poromoko linalokutia shaka, ibebe kayaki begani, poromoko ulizunguke kwa miguu. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, nyingine mbele ya wageni waliolipa, na bega huuma siku mbili tu.

Kazi yako ya jioni ni ndogo. Chomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga, ukalale. Alfajiri, kabla ya kuamsha yeyote, nenda ukakitazame. Kikiwa pakavu, au bado kinagusa maji vilevile, waamshe wenzako. Kikiwa kimezama, bandika chai, wala usiwe na haraka ya kuivisha.