Muulize Fundi: Kile kialama cha rangi ya chungwa

Wiki hii kwenye meza yangu hapa Mtaa wa Aggrey kuna simu mbili zilizoingia maji, kompyuta moja ya mapajani isiyo na kibodi, na barua tatu zinazozunguka jambo moja: RSS, njia ya tovuti kukupa orodha ya habari zake mpya. Simu nimezifungua zinakauka. Nianze na barua.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, naishi Kigamboni, shule yangu iko upande wa mjini. Kila asubuhi nikiwa kwenye foleni ya pantoni nafungua tovuti 11, moja baada ya nyingine, kuona kama kuna jipya. Siku nyingi hakuna, ila bando limeshaliwa kabla sijafika Posta. Mpwa wangu kaniambia nitumie RSS. Nikakiona kile kialama cha rangi ya chungwa kwenye tovuti moja, nikakigusa, skrini ikajaa maandishi ya ajabu na alama za pembe kila mahali. Nikazima simu haraka nikidhani ni virusi. Nimeharibu nini? Orodha ya tovuti zangu nimeiambatanisha. – Mwalimu wa Kigamboni*

Marahaba, Mwalimu. Hujaharibu kitu, na hao si virusi. Ulichofungua ndicho chenyewe: mlisho wa RSS, yaani faili la maandishi ambamo tovuti inaorodhesha habari zake mpya. Ila umeufungua kwa kivinjari, na kivinjari cha simu yako hakijui kuupika, kimekumwagia ulivyo. Umeagiza chapati, umeletewa unga na mafuta.

Ukirudi pale usikimbie. Soma taratibu kama unavyosoma karatasi ya mwanafunzi mwenye mwandiko mbaya. Katikati ya zile alama za pembe utakuta neno item, na chini yake title, link na pubDate. Penye title pana kichwa cha habari. Penye link pana anwani ya habari yenyewe. Penye pubDate pana tarehe na saa iliyotolewa. Halafu inakuja item nyingine, vivyo hivyo, kwa kawaida mpya zikiwa juu na za zamani chini. Saa mara nyingi ni ya GMT, kwa hiyo ukiona 05:30 ongeza 3, inakuwa 08:30 hapa Dar, yaani saa mbili na nusu asubuhi. Hakuna kingine mle cha kukutisha. Hakuna tangazo linalorukaruka wala video inayojiwasha yenyewe ukiwa katikati ya watu.

Mpango huu si wa jana. Kampuni ya Netscape ya Marekani iliutoa mwaka 1999, na toleo ambalo utakutana nalo zaidi, RSS 2.0, ni la 2002. Ana ndugu yake anaitwa Atom. Programu za kusomea zinawaelewa wote wawili, usisumbuke kuwatofautisha.

Miaka ya tisini, kabla sijashika bisibisi, niliuza magazeti Magomeni Mapipa. Nilikuwa nayapanga juu ya meza saa kumi na mbili asubuhi, Uhuru, Nipashe, Majira, na mawe madogo juu yake yasipeperuke. Mteja wangu mkubwa alikuwa yule asiyenunua. Anasimama, mikono nyuma, anapitisha macho kwenye vichwa vya habari vya magazeti yote kwa dakika mbili, anaguna, anaondoka zake kazini. Walinikera sana watu wale! Leo najua walikuwa wanafanya jambo la akili: kuona kwanza kilichopo, ndipo uamue kipi kinastahili pesa yako. Kisomaji cha RSS, yaani programu inayokukusanyia milisho, ni meza ile ile, ila magazeti umeyachagua wewe, na hakuna muuzaji wa kukukodolea macho.

Kwa simu yako ya Android mimi nakuwekea kisomaji kinachoitwa Feeder. Ni ya bure, haikudai kufungua akaunti, na haina maneno mengi. Ukiifungua, gusa sehemu ya kuongeza mlisho, andika anwani ya tovuti kama unavyoiandika siku zote, isubiri itafute. Tovuti nyingi zimeficha anwani ya mlisho ndani ya ukurasa wao, mahali ambapo macho ya mtu hayafiki lakini programu inafika.

Jana jioni baada ya kufunga duka nilikaa na orodha yako, nikazijaribu zote 11 kwenye simu yangu. Sita zilikubali kwa kuandika anwani tu. BBC Swahili niliingiza anwani ya mlisho wao moja kwa moja: feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml. Ile blogu ya mwalimu mwenzako iliyoko Blogspot ilileta ubishi, mpaka nilipoongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anwani yake, ikafunguka. Ukikutana na tovuti iliyojengwa kwa WordPress, na ziko tele, ongeza /feed/ mwishoni. Hizo mbili zitakutoa kwenye shida nyingi, ziandike nyuma ya daftari la mahudhurio.

Halafu una chaneli mbili za YouTube za majaribio ya maabara. Hapa wengi hushangaa: kila chaneli ya YouTube ina mlisho wake, ingawa hawauweki mahali pa kuonekana. Nilikopi anwani ya ukurasa wa chaneli, nikaibandika, basi. Utaona jina la video mpya na siku iliyowekwa, na video yenyewe haijigusi mpaka uiguse wewe. Hiyo utaitazama jioni kwenye Wi-Fi ya shule, kama ipo.

Inabaki moja, ile ya matangazo ya ofisi. Haina mlisho. Niligeuza kila upande, hakuna. Wanapakia barua zilizopigwa picha, tena zimelala ubavu. Zipo huduma za kukutengenezea mlisho kutoka kwenye ukurasa wa namna hiyo, lakini nyingi zinataka malipo na zinakatika ukurasa ukibadilishwa kidogo. Ushauri wangu, itembelee mwenyewe Jumatatu na Alhamisi. Tovuti moja kwa mkono si kama 11.

Sasa bando, maana najua ndilo lililokuuma. Kisomaji kinapopita kwenye tovuti hakipakui ukurasa mzima, kinachukua lile faili la maandishi peke yake. Na kikiwa kimeshapita asubuhi, kinaporudi mchana kinauliza kwanza: kuna kilichobadilika tangu nilipoondoka? Kama seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, imepangwa vizuri na hakuna jipya, inajibu kwa namba 304, maana yake hakijabadilika, na faili halitumwi tena. Ni kama kupiga hodi, ukajibiwa ukiwa mlangoni hapo hapo kwamba mwenyewe hajarudi.

Lakini usifanye nilichofanya mimi. Wiki yangu ya kwanza nilijaa tamaa, nikaingiza milisho 140, nikaiambia programu ipite kila baada ya dakika 15 na ilete picha zote. Nikatoka Kimara na bando la siku nzima, mwendokasi ulipofika Manzese sina kitu, na simu imepata moto mfukoni utadhani nimebeba andazi. Kwenye mipangilio, weka ipite mara chache kwa siku, na kama shuleni mna Wi-Fi, weka alama ya kupita kwenye Wi-Fi tu. Picha zizime. Foleni ya pantoni utasoma kilichokwishaingia, hata mtandao ukipotea katikati ya maji.

Kasoro moja nikuambie mapema usije ukanilaumu. Tovuti nyingine zinaweka mistari miwili tu kwenye mlisho, ukitaka kilichobaki lazima uende kwao. Ukigusa, unarudi kwenye ukurasa mzito na matangazo yake. Afadhali lakini, umekwenda kwa kujua unakokwenda.

*Kijana wangu Fundi, mimi ni mstaafu, niko Ilala Bungoni. Niliwahi kutumia hiyo RSS nikiwa kazini, kupitia Google. Siku moja ikafungwa. Mwanangu ananiambia ilikufa, nifuate kurasa zao za Facebook kama watu wengine. Kuna haja ya kurudi nyuma? – Mzee wa Bungoni*

Shikamoo Mzee wangu. Kilichofungwa ni meza, magazeti yaliendelea kuchapwa. Google Reader, kisomaji cha Google, ilianza 2005 na ikafungwa tarehe 1 Julai 2013, na kwa kuwa watu wengi walikuwa hawajui RSS nyingine zaidi ya ile, wakaamini na RSS yenyewe imezikwa siku hiyo. Baadaye hata kivinjari cha Firefox kikaondoa sehemu yake ya kusomea milisho, mwishoni mwa 2018, na kile kialama cha chungwa kikapungua kwenye tovuti. Lakini faili lenyewe liko pale pale. Zile podikasti wanazosikiliza wajukuu zako kwenye daladala zinasambazwa kwa RSS hiyo hiyo, ila wao hawajui na hakuna haja ya kuwaambia.

Kuhusu Facebook, mwanao ana hoja, kwa sababu wapo wanaoweka habari kule na tovuti yao wameitelekeza. Hao huna namna, wafuate huko huko. Ila mimi nilichoshwa na kitu kimoja: unaufuata ukurasa, halafu anayeamua uone nini ni mwingine. Tangazo la Jumanne linakufikia Ijumaa, limebanwa kati ya harusi ya mtu usiyemfahamu na mganga anayerudisha mpenzi aliyepotea. Kwenye kisomaji, la Jumanne linakaa Jumanne. Kama tovuti imetoa habari 3, unaona 3, zote, na ukimaliza umemaliza. Mtu wa umri wako, Mzee, bila shaka unakumbuka gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho.

Kwa kuwa umeandika kwamba unatumia kompyuta ya mezani, na barua pepe zako unazisomea Thunderbird, huna haja ya kuweka kitu kipya. Thunderbird inasoma milisho pia. Ongeza akaunti ya milisho ndani yake, na habari zitakaa pembeni mwa barua zako. Ukitaka kusoma kwenye kompyuta na kwenye simu, na alama za ulichokwisha kusoma zifuatane, hapo chukua kisomaji cha mtandaoni, Feedly au Inoreader. Zote mbili zina daraja la bure, lakini utafungua akaunti, na orodha yako itakaa kwao.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja. Popote utakapokuwa, tafuta sehemu ya kutoa orodha yako kama faili la OPML, ulihifadhi. Ni faili dogo lenye anwani za milisho yako yote. Siku meza ikifungwa tena, unalipeleka kwenye programu nyingine na kila kitu kinarudi. Mimi mwaka 2013 nililitoa langu vizuri kabisa, nikaliweka kwenye flashi, na wiki hiyo hiyo nikampa mteja flashi hiyo akachapie wasifu wa kuombea kazi. Sijamwona tena. Nilianza upya kwa kukumbuka kichwani, na mpaka leo kuna tovuti moja ya redio za zamani siikumbuki jina.

*Mambo Fundi! Niko Sinza. Nilifuata maelekezo yako ya mwezi jana nikaweka kisomaji, sasa kinaniambia kuna habari 2,914 sijasoma. Nikikifungua nasikia uchovu, nakifunga. Nifanyeje? – Dogo wa Sinza*

Poa, dogo. Kuna sehemu ya kuweka alama kwamba zote zimesomwa. Iguse. Namba itakuwa 0 na hakuna atakayekuja kukuuliza. Habari hazijafutwa kwenye tovuti zao, zimetoka mbele ya macho yako tu.

Kisha angalia zilikotoka. Nimeiona picha ya skrini uliyotuma: mlisho mmoja wa habari za usajili, Simba kamchukua nani, Yanga kamwacha nani, peke yake una zaidi ya 1,800, na nusu yake ni uvumi ule ule ulioandikwa upya. Hapo hapo chini kuna blogu ya mafunzo ya kuchomelea uliyosema ndiyo iliyokufanya uweke kisomaji, ina habari 2 kwa mwezi mzima, na zote mbili hujazifungua. Fanya folda mbili. Moja ya vile ambavyo ukikosa utajuta, na iwe na milisho isiyozidi 10. Nyingine ya kupitisha macho ukiwa na nafasi. Ule wa usajili usiuweke kokote, ufute. Jamaa wa kijiweni watakupa habari zake kabla hata ya hiyo tovuti.