Kasi ya milioni 50 kwenye modeli ya chaneli ya ioni

Mdogo wangu wa Tabora, modeli yako ya hali tatu (mbili zimefungwa, moja iko wazi) inakupa kasi ya milioni 50 kwa asetilikolini (kemikali inayoifungua chaneli) kushika chaneli (tundu la protini kwenye utando wa seli linalopitisha ioni), nawe unadhani imeharibika. Tazama kizio kwanza. Ukijaza ukolezi wa asetilikolini kwa mola, hiyo ni kasi ya kawaida kabisa. Ukijaza kwa mikromola, inapaswa kusomeka 50. Ukolezi uzidishe mshale (mpito kutoka hali moja hadi nyingine) wa kushika peke yake, kamwe usiuweke kwenye mshale wa kufunguka.

Muda mfu (kikomo ambacho tukio fupi kuliko hapo halihesabiwi) usiuache sifuri, kelele za sampuli moja zitahesabiwa kama matukio halisi. Ukichukua sampuli kwa kilohezi 20, weka mikrosekunde 100 au 150. Na kama ulirekodi kwa volteji moja tu, kipeo cha volteji (namba inayoonyesha kasi inavyobadilika na volteji) kifunge kwenye 0.