Saa Ina T, Karatasi Ina U

SWALI: Mume wangu anastaafu mwezi ujao, na mimi na watoto tumechanga ili tumnunulie saa ya Rolex ambayo ameitamani tangu ujana wake. Mdogo wangu anayefanya kazi Dubai ameiona Datejust ya milimita 36, iliyokwisha kuvaliwa, katika duka moja la Deira. Uso wake ni wa buluu, na pete inayozunguka kioo ina mifereji midogo inayong'aa. Inauzwa dirhamu 19,000 pamoja na sanduku na karatasi ya dhamana. Nilimwambia asitoe hata senti mpaka fundi avue mkanda. Mkanda ulipovuliwa, upande wa namba 12 ya uso wa saa pameonekana namba ya modeli 16200, na upande wa pili namba ya saa yenyewe, inayoanza na herufi T. Karatasi imeandikwa modeli 16234, na namba yake inaanza na U. Mwenye duka anasema karatasi zilichanganyika alipokuwa akihesabu mali, na yuko tayari kupunguza dirhamu 2,000. Anaapa kwamba saa ni halali. Je, tuichukue? — Bi. S., Mombasa

JIBU: Bi. S., fundi aliyevua mkanda amekwisha kukupa nusu ya jibu, kwa sababu namba hizo mbili za modeli zina maana mahususi. Datejust 16200 ni saa ya chuma cha pua mwili mzima, na pete yake ni laini, haina mfereji hata mmoja. Datejust 16234 ina kasha la kipimo kilekile na mashine ileile ya 3135, ila pete yake yenye mifereji ni ya dhahabu nyeupe ya karati 18, na pete hiyo ndiyo inayoipandisha bei. Maana yake ni kwamba saa aliyoishika mdogo wako ilitoka kiwandani ikiwa na pete laini, kisha mtu akaibandua na kupachika nyingine. Kwa kuwa vipimo vinalingana, pete hukaa sawasawa na jicho la kawaida halioni kasoro yoyote. Huenda ni dhahabu kweli, iliyotolewa kwenye saa nyingine. Huenda pia ni chuma kilichochongwa mahali pasipojulikana. Sonara yeyote wa pale Deira anaweza kuipima kwa dakika chache, na ikiwa ni ya karati 18 kipimo kitaonyesha sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1,000.

Ndiyo maana sikubaliani na maelezo ya kuchanganyika. Karatasi iliyopotea njia kwa bahati mbaya ingeweza kuwa ya modeli yoyote, tena ya bei ndogo. Hii imeangukia modeli ileile ambayo pete ya kupachikwa inaiigiza. Mtume mdogo wako akaulize, kwa upole, mambo mawili: karatasi ya saa hii yenye T iko wapi, na saa yenye U ambayo karatasi yake ndiyo hii iko wapi? Ikiwa kweli vilichanganyika dukani, basi kimojawapo bado kimo kabatini au kimeuzwa kwa mteja ambaye jina lake limo kwenye daftari la mauzo. Mfanyabiashara aliyekosea kweli atafungua daftari. Akianza kuapa tena, mdogo wako aage.

Karatasi za saa huuzwa peke yake, bila saa, na jambo hili wanunuzi wengi hawalijui. Mtu anapoteza saa au inaibiwa, karatasi inabaki nyumbani, na baadaye inaishia mkononi mwa dalali anayetafuta saa ya kuivisha. Rolex haitoi karatasi ya pili badala ya ile ya kwanza, kwa hiyo ya zamani ina soko lake. Kwa sababu hiyo ninasema kwamba karatasi ya saa nyingine ni mbaya kuliko kukosa karatasi kabisa. Saa ya mwaka 1996 hivi, ambao ndio mwaka ambao wakusanyaji huupa herufi T, haishangazi mtu ikikosa karatasi. Ikiwa na karatasi ya U, ambayo kwa hesabu yao ni ya mwaka unaofuata, inamlazimu kila atakayeishika baadaye, awe fundi, kampuni ya bima au mtu atakayeuziwa na mjukuu wako, aulize kilichofichwa.

Kinachoweza kufichwa ni wizi. Lipo daftari la kimataifa la saa zilizoibwa na kupotea liitwalo The Watch Register, lenye makao London, na lipo jukwaa la mtandaoni la kazi hiyohiyo, Enquirus, lililoanzishwa na kampuni ya Richemont. Angalizo langu ni moja: tafuteni kwa namba iliyochongwa kwenye chuma, wala si kwa namba ya karatasi. Nimeona watu makini wakiinakili namba kutoka kwenye kadi kwa sababu inasomeka vizuri, wakapata jibu safi la saa ambayo hawajawahi kuiona. Fundi akiwa bado na mkanda mkononi, aitazame namba yenyewe kwa kioo cha kukuzia. Ya kiwandani imechongwa kwa mistari myembamba inayomeremeta ukiigeuza kwenye mwanga, lakini ya kughushi mara nyingi imeliwa na tindikali, na kingo zake zina vitone kama mchanga.

Sheria nayo inakuhusu wewe binafsi, kwa kuwa saa itavaliwa Mombasa. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamgusa anayepokea mali ya wizi bila uaminifu, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Sisemi kwamba saa hii imeibwa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeona T na U kwa macho yake, akapunguziwa bei kwa ajili hiyohiyo, atapata tabu kueleza kwamba hakuwa na sababu ya kushuku.

Zipo tofauti zisizo na neno. Jina la mnunuzi wa kwanza kuwa la mtu mwingine ni jambo la kawaida, kwani ndiyo maana ya saa iliyokwisha kuvaliwa. Tarehe ya kuuzwa ikiwa mwaka mmoja au miwili baada ya kutengenezwa pia haina shida, maana saa hukaa dukani. Sanduku usilihesabu hata kidogo.

Kwa hiyo, punguzo la dirhamu 2,000 likatae, kwa sababu linakufanya ulipie 16234 yenye dosari ilhali unachopewa ni 16200 iliyobadilishwa pete. Ikiwa daftari la saa zilizoibwa liko safi, na fundi asiye wa duka hilo amefungua mfuniko na kuthibitisha kwamba mashine ni yake, mnaweza kuzungumzia bei ya 16200 isiyo na karatasi, ambayo ni ya chini zaidi. Risiti iandikwe modeli 16200, namba nzima ya T iliyo kwenye chuma, na maneno kwamba pete si ya asili. Mwenye duka akikataa kuyaandika, tafuteni nyingine. Kama muda unaruhusu, ulizeni pia kwa mawakala wa Rolex walio katika mpango wa saa zilizokwisha kuvaliwa ambazo Rolex yenyewe imezithibitisha, ulioanza Desemba 2022. Bei yao huwa juu, lakini saa hutoka na dhamana ya miaka miwili. Na mkikubaliana na duka la Deira, ile karatasi ya U msiichukue hata mkipewa bure.

SWALI: Nimeletewa Omega Speedmaster pamoja na hati ya kumbukumbu za kiwanda. Hati inasema modeli 145.012 na mashine ya 321, na namba ya mashine inalingana kabisa. Lakini ndani ya mfuniko wa nyuma pamepigwa muhuri wa 145.022. Je, si inatosha kwamba namba ya mashine ni sahihi? — Msomaji, Maskati

JIBU: Haitoshi. Mfuniko wa 145.022 ni wa saa zilizotumia mashine ya 861, kwa hiyo kipande hicho kimetoka kwenye saa nyingine. Huenda fundi wa miaka ya nyuma aliubadilisha kwa nia njema baada ya mfuniko wa kwanza kuharibika. Lakini mfuniko ukiwa si wake, kasha lote nalo linatiliwa shaka, na hati yako inashuhudia mashine peke yake.

Mwezi wa Novemba 2021, kwenye mnada wa Phillips uliofanyika Geneva, Speedmaster 2915-1 iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na aliyeinunua ilikuwa jumba la makumbusho la Omega wenyewe. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa ile ilikuwa imeundwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake watatu walihusika. Ikiwa waliotengeneza saa waliuziwa namna hiyo, wewe na mimi hatuna budi kutazama kila kipande. Muombe muuzaji picha za mashine, za mfuniko kwa ndani, na za kasha likiwa limeondolewa mashine, zote zipigwe siku moja na hati ikionekana pembeni. Kisha mpe fundi anayezijua Speedmaster za zamani azitazame kabla hujataja bei.