Kabla Hujabonyeza Enter, Jua Umesimama Wapi

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia na laptopu iliyogoma kuwaka, tasnifu yake yote imo ndani. Mafundi wawili walishamwambia hakuna njia ila kufuta kila kitu na kuanza upya. Nikaiwasha kwa flashi ya kusakinishia, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika DIR C:, yaani nionyeshe kilichomo diski C, na sikuona kitu chake. DIR D: na faili zote hizo hapo, maana ukiwasha kwa njia hiyo herufi za diski huweza kuhama. COPY, amri ya kunakili, zikaingia kwenye flashi, kazi ikaisha.

"Mjomba, haya umejifunza wapi?"

Nilijifunza kwa kufedheheka, mwaka 1992, katika ofisi moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja.

Tulikuwa na kompyuta moja, inatumia MS-DOS 3.3, mfumo endeshi wa kuandika amri. Kipanya hakuna, picha hakuna, ni skrini nyeusi na alama ya C> ikikusubiri. Asili ya mfumo huo Tim Paterson aliiandika mwaka 1980 katika kampuni ya Seattle Computer Products, Microsoft wakaununua, ukatoka na kompyuta ya IBM mwaka 1981. Mashine za mwanzo zilitegemea disketi, zikapewa herufi A na B. Diski ngumu ilipokuja ikapewa C, na C imebaki nayo mpaka leo. Majina ya faili yalibanwa: herufi 8, nukta, herufi 3. Barua ya mkurugenzi ikawa BARUAMKU.DOC, na ole wako usahau umeikatia wapi.

Siku hiyo nilikuwa ndani ya folda ya BARUA, nataka kwenda TEMP nikafute takataka. Nikaandika CD TEMP, CD ikiwa amri ya kuhama folda. Sasa TEMP haikuwa ndani ya BARUA, ilikuwa kando yake, kwa hiyo ilitakiwa CD \TEMP, na ule mkwaju mbele. Mashine ikajibu: Invalid directory. Sikusoma. Nilikuwa na haraka ya mtu anayejiona fundi. Nikaandika DEL *.* ambayo maana yake ni futa chochote ulichokikuta hapa. Ikaniuliza kama nina hakika. Y. Enter.

Barua za miezi saba.

Kilichoniponza ni ile C> tupu, haisemi uko folda gani. Mstari mmoja tu, PROMPT $P$G, ungewekwa kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri ambazo mashine huzitekeleza yenyewe ikiwashwa, ningeona C:\BARUA> na mkono ungesita.

Kosa la pili lilizidi la kwanza, na nililielewa baada ya miaka. DOS ikifuta faili, yaliyomo hayaendi popote kwanza. Hubadilisha herufi ya mwanzo ya jina kwenye orodha, na ile nafasi ikahesabiwa kuwa wazi. UNDELETE, amri ya kurudisha kilichofutwa, iliyokuja na toleo la 5 mwaka 1991, ilikuomba tu uitaje ile herufi. Sisi toleo hilo hatukuwa nalo. Lakini mimi, kwa hofu, nilikesha nikichapa barua upya kwenye diski ileile, nazifukia za zamani kwa mikono yangu mwenyewe.

Asubuhi bosi akasema mbele ya watu: "Huyu mrudisheni kwenye taipureta." Wakacheka. Waliocheka nawakumbuka wote.

Basi ninyi mnaotaka kuitwa mafundi, sikilizeni. Soma mashine inakujibu nini. Kabla ya DEL, piga DIR kwanza, uone kilichomo. Kikifutika, usiandike kitu kingine kwenye diski hiyo. Na nasema tena, soma jibu! Vijana mnajua kubofya kila kitu, kusoma mstari mmoja kunawashinda.

Jumamosi mpwa wangu kaja na rafiki yake, laptopu nyingine imekufa. Safari hii nikamkalisha yeye kwenye kibodi. Akaandika CD, akabonyeza Enter, na kabla hata jibu halijatulia kwenye skrini vidole vyake vilishaanza amri ya pili. Nikamshika mkono.