Liqiu Bado Si Vuli: Kwa Mnaoanza Kliniki ya Tiba ya Kichina Guangzhou

Wadogo zetu, mwezi wa nane umeingia na cheti cha dawa kilekile cha kila mwaka kimerudi: baihe (kitunguu cha yungiyungi), maidong (mzizi wa kulainisha ukavu), na mgonjwa aliyeambiwa huzuni yake "ni mapafu". Nani kasema? Jedwali la elementi tano, linaloweka vuli, mapafu na huzuni mstari mmoja. Tunawapenda, lakini jedwali hilo lisomeeni bwenini.

1. Tazameni nje kabla ya kalenda. Liqiu, mwanzo wa vuli ya Kichina (ile kavu, si ya mvua), huangukia Agosti 7 au 8. Ila vipindi 24 vya mwaka wa Kichina, Liqiu ikiwa kimojawapo, vilipangwa kwa hali ya hewa ya bonde la Mto Manjano, kaskazini. Huku Guangzhou, kusini, siku hiyo shati linanata mgongoni na nguo zilizoanikwa jana bado mbichi. Anaingia mama wa miaka hamsini: analia ovyo, mwili mzito, kichwa kama kimefungwa kitambaa, chakula hakitaki. Mwanafunzi akisikia "analia" anakumbuka vuli, mapafu, huzuni. Anaandika baihe gramu 30 na maidong gramu 12, alainishe ukavu. Ukavu upi? Ulimi wenyewe hajauona! Angeuona, angekuta utando mnene mweupe unaoteleza kama bamia, na alama za meno pembeni: unyevu umeukalia wengu, ambao katika tiba yetu ndio unaosimamia usagaji wa chakula. Dawa hizo ni za baridi na zinanata. Ni kummwagia maji mtu aliyekwisha kulowa. Siku ya tatu choo chepesi, tumbo limejaa gesi, na kwa kuwa wengu dhaifu na mawazo yasiyokatika huenda pamoja, usingizi unapotea kabisa. Mwanafunzi anafanyaje? Anaongeza maidong. Anaongeza! Tukiri tu, hakuna kundi lililopita hapa bila kulifanya kosa hili. Anzeni na fuling (aina ya kuvu), baizhu (mzizi) na chenpi (ganda kavu la chenza), unyevu utoke; machozi mtayahoji mwili ukishakuwa mwepesi. Baihe zamu yake huja baadaye, midomo ikianza kupasuka na kikohozi kuwa kikavu.

2. Xiaoyaosan, mchanganyiko wa kutuliza ini lililobanwa na msongo, ikipikwa, bohe (mnanaa) iingie dakika tano za mwisho, la sivyo harufu yote inabaki jikoni. Na ulimi mwekundu usio na utando, kinywa kikavu? Msikimbilie chaihu, mzizi mkuu wa Xiaoyaosan: inapandisha, na mtu atarudi na kichwa kinamgonga na hasira mara mbili.

3. Taichong, pointi ya sindano ya mguuni: telezesheni kidole kutoka kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili, kuelekea kifundo, hadi kikwame kwenye shimo kati ya mifupa. Mkiiunganisha na Hegu, pointi ya mkononi kati ya gumba na kidole cha shahada, ulizeni ujauzito kwanza.

4. Ganmai Dazao Tang, mchemsho wa gancao (urukususu), ngano na tende za Kichina, ni tamu, kwa hiyo wagonjwa hujiongezea. Gancao nyingi, kwa muda mrefu, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Pimeni.

5. Suwen, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, inasema vuli mtu alale mapema, aamke na jogoo. Mwambieni hivyo mpishi wa mgahawa unaofungwa saa nane usiku, muone atakavyowatazama. Ulizeni zamu yake, kisha usingizi usogezwe robo saa robo saa.

6. Akisema amechoka kuishi, wekeni sindano chini. Ulizeni waziwazi kama amepanga kujidhuru, asiachwe peke yake, mwalimu na daktari wa akili waitwe saa hiyo hiyo. Na vidonge vyake vya sonona msimwachishe. Hilo ni la daktari aliyeviandika.